Mijusi wa mawe ya Mwanza kwenye jua kali: kupiga picha na kuhariri

Mleta mada kapanda mawe ya Capri Point mchana na lenzi yake ya kuvuta mbali ya milimita 70-300, akawapiga picha wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu. Vichwa vimetoka bapa kama vimepakwa rangi ya mdomo, jiwe jeupe pee, macho hayaonekani, na kila akihariri rangi zinazidi kuwa za uongo. Wachangiaji wamemwambia adamke alfajiri, mmoja kamshauri auze lenzi anunue ya milimita 600. Mimi ni wa mawe hayo hayo, naona tofauti kidogo.

Ushauri wa alfajiri ni sahihi kwa ndege. Kwa mjusi huyu hausaidii sana. Kitaalamu anaitwa Agama mwanzae, jina kalipata hapa hapa kwetu, na dume usiku hugeuka kahawia iliyokolea. Rangi zinarudi akishaota jua. Ukifika saa 12 na nusu utakuta mwanga mtamu na mjusi bado yuko ndani ya ufa wa jiwe, au katoka lakini hana rangi. Kinachomtia rangi ni jua lile lile linalokuharibia picha. Muda wangu mimi ni saa 2 na nusu hadi saa 4 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 jioni. Na msisahau Mwanza jua linafika juu kabisa karibu na saa 7, si saa 6, maana tuko magharibi sana ya mstari uliopangiwa saa za Afrika Mashariki. Kwa hiyo saa 9 alasiri bado ni kali, usidanganyike na saa ya mkononi.

Sasa kamera. Ukiiachia iamue yenyewe, inapima jiwe, haimpimi mjusi. Jiwe likiwa jeupe mjusi anazama gizani; likiwa na ukoga mweusi, kichwa kinaungua. Weka manyuali, yaani vipimo upange mwenyewe. Jua likiwa wazi na limepanda, anzia ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8, kasi 1/1600 ya sekunde, na mradi halijafunikwa na wingu huna sababu ya kuhangaika sana na vipimo; likiwa bado chini asubuhi au likishuka jioni, ongeza mwanga kidogo.

Ila kwa dume mwekundu punguza mwanga, kasi iende 1/2500. Hapa ndipo wengi wanapopotea: histogramu ya jumla (ile grafu ya mwanga kwenye kamera) inaonekana salama kabisa, kumbe rangi nyekundu peke yake imeshagonga ukuta wa kulia. Washa histogramu ya rangi tatu uiangalie ile nyekundu. Ikishagonga ukuta, magamba yote ya kichwa yanakuwa doa moja, na ikiungua kabisa hakuna programu itakayokurudishia. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na ile mode ya kukoleza rangi izime, maana inakudanganya hata kwenye kioo cha kamera.

Jicho nalo lina siri yake. Mjusi huyu ana ukingo wa mfupa juu ya jicho, na jua likiwa juu ukingo huo unaangusha kivuli moja kwa moja kwenye mboni. Lakini dume hapoi: anapiga pushapu kutishia wenzake na kuita majike. Akifika juu kabisa anainua pua na kutulia kidogo sana, na hapo mwanga unaingia jichoni, unaona nukta nyeupe ndogo kwenye mboni. Fuatisha mwendo wake, bonyeza akiwa juu. Lala kifudifudi uwe usawa wake. Jiwe jeupe lililo mbele yake linarudisha mwanga tumboni na chini ya kidevu bila wewe kubeba kitu. Kivuli chako kisimguse tu, kikimgusa umemkosa.

Kichujio cha polaraizi, kile cha kufunga mbele ya lenzi, ninacho na ninakipenda: kinaondoa ule mng'ao mweupe kwenye magamba na kwenye jiwe. Kinakula mwanga karibu stopu moja na nusu (kila stopu ni kukata mwanga nusu), kwa hiyo pandisha ISO.

Lenzi ya 600? Hapana mkuu. Mchana jiwe linapasha joto hewa iliyo juu yake hadi inacheza, na kadiri unavyopiga kwa mbali ndivyo hewa inayocheza inavyozidi kati yenu. Picha inatoka laini ukadhani fokasi imekosea. Sogea taratibu kwa kiwiko na hiyo 300 yako. Mijusi wa mawe yanayopitwa na watu kila siku wamezoea, wanakuvumilia.

Kuhariri: anza kwa kushusha. Punguza sehemu angavu, kisha punguza ukolezo wa nyekundu na mwangaza wake kidogo, uone magamba yakirudi moja moja. Vivuli usivivute vyote. Watu wanavipandisha hadi mwisho, picha inajaa chenga na mjusi anaonekana kama kapigiwa studio. Mimi naweka maski (kuchagua sehemu moja tu ya kuhariri) kwenye uso peke yake, napandisha theluthi mbili ya stopu, basi. Kivuli cha chini ya tumbo kibaki cheusi. Ni picha ya jua kali, na ionekane hivyo. Kama kivuli kina rangi ya bluu, hiyo ni anga inaakisi; ipunguze kwa maski, usiguse joto la picha nzima, utamgeuza mjusi kuwa zambarau. Programu ya bure ya darktable inafanya yote haya, na kwenye simu Snapseed inafungua RAW za aina ya DNG.

Pimbi wa kisiwa cha Saanane ni kesi nyingine: manyoya ya kahawia juu ya jiwe jeupe. Huyo mpandishie stopu nzima, jiwe liungue kidogo, hakuna atakayelilia.

Ukihifadhi chagua mpangilio wa rangi wa sRGB, vinginevyo nyekundu yako itapauka kwenye simu za watu. Na WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama picha inabanwa na magamba yote yanapotea.