Je, blokucheni ingelinda hesabu za mfereji wetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kwetu Mbagala umejengwa mfereji wa maji ya mvua. Kibao cha mradi kilitaja gharama moja, na kazi ilipokwisha tukaambiwa nyingine, kubwa zaidi. Mwanangu anayesoma kompyuta anasema blokucheni ingezuia mchezo huo. Ni kweli? – Mzee wa Mbagala, Dar es Salaam.

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Mwanao amesema kweli, ila ni nusu yake.

Blokucheni, iliyoanza kutumika mwaka 2009 kupitia sarafu ya Bitcoin, ni daftari ambalo nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi zenye wamiliki tofauti, na kila ukurasa mpya hubeba muhuri wa kihesabu wa ukurasa uliotangulia, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na maandishi yenyewe, ambao hubadilika yakiguswa. Kwa hiyo anayetaka kufuta tarakimu ya mwaka jana hulazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata, tena katika nakala zisizo mikononi mwake. Nchi ya Georgia ilianza kuhifadhi kwa njia hii mihuri ya hati zake za ardhi mwaka 2016.

Kuongezeka kwa gharama peke yake si wizi. Mchoro unaweza kudhania udongo mkavu, wachimbaji wakakuta maji, na mkataba ukabadilishwa kihalali. Kinachotia shaka ni idhini ya mabadiliko inayoandikwa baada ya kazi kufanyika, kisha ikarudishwa tarehe nyuma. Hapo ndipo daftari hili lina faida kubwa, kwa kuwa lingeonyesha siku hasa idhini ilipoingizwa.

Hata hivyo, daftari halina macho. Mhandisi akiandika kwamba ukuta wa mfereji una unene wa sentimita 15 ilhali una 10, uongo huo utatunzwa kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana vipimo vingepaswa kutiwa saini na mkandarasi, msimamizi na kamati ya mtaa, kila mmoja kwa ufunguo wake wa siri wa kidijitali, na majibu ya zege linalopimwa nguvu siku ya 28 baada ya kumwagwa yaingizwe na maabara yenyewe bila kupitia kwa mkandarasi. Vilevile, ikiwa kompyuta zote ni za ofisi moja, mtakuwa mmenunua rejista ya kawaida kwa bei ya juu.

Zabuni za umma nchini tayari hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kwa maoni yangu, ingetosha mihuri ya mikataba na mabadiliko yake itunzwe pia na taasisi nyingine zisizo ile inayotoa zabuni, pasipo kujenga mfumo mwingine mpya.

Kwa mfereji wako, usingoje teknolojia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia taasisi iliyotajwa kwenye kibao, ukiomba mkataba, idhini za mabadiliko na hati ya mwisho ya malipo, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30.