Jimbo limeruhusu, Washington haijaruhusu

SWALI: Ninaishi Minnesota kwa kadi ya ukaazi wa kudumu. Jimbo lilihalalisha bangi mwaka 2023, nami nimepata kazi kwenye duka lenye leseni ya kuiuza. Rafiki anasema nitajiharibia uraia. Kivipi, na jimbo limeruhusu?

JIBU: Rafiki yako amekuambia kweli. Usiianze kazi hiyo kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 8, inataja mambo ya Bunge la Washington, yaani la shirikisho, la nchi nzima: sarafu, posta, vita, biashara kati ya majimbo, na masharti ya kupewa uraia. Yaliyobaki, kwa Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791, ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe. Ndiyo maana leseni ya udereva na cheti cha ndoa huvipati Washington.

Bangi iko pande zote mbili. Sheria ya shirikisho ya 1970 inaidhibiti, na mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales v. Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge linaweza kukataza hata ile inayolimwa nyumbani kwa matibabu. Ila Washington haiwezi kuwalazimisha polisi wa jimbo kuitekeleza sheria yake. Basi duka linafunguliwa mchana kweupe, hakuna anayekamatwa, na mtu anaona yuko salama.

Ofisa wa uraia ni wa shirikisho. Mwongozo wa USCIS, idara ya shirikisho ya uraia na uhamiaji, wa mwaka 2019 unasema kazi ya bangi inaweza kumkosesha mwombaji sifa ya tabia njema, hata kama jimbo limeihalalisha. Fomu N-400, ya kuomba uraia, inauliza pia makosa ambayo hukuwahi kukamatwa kwayo, na kudanganya humo ni kosa jingine kubwa. Hata ukitoka likizo nyumbani, ukimkiri ofisa wa uwanja wa ndege kwamba umevuta, unaweza kuzuiwa kuingia.

SWALI: Huku Texas, nikichukua leseni ya udereva niliulizwa kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Mimi si raia. Nijibu nini?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Karani wa jimbo anauliza kila mtu kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1993 inamtaka aulize. Kuulizwa si kuruhusiwa. Kama ulishatia alama ya ndiyo, usipige kura kabisa. Mwone wakili kwanza, kisha uombe kwa maandishi kufutwa kwenye daftari la wapigakura la kaunti, na utunze nakala.