Maswali ya Wasomaji: Farasi-bahari na Wapangaji Wenzake

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina tangi la maji chumvi la lita 120. Ndani mna jozi ya samaki-nemo na anemoni yao (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), samaki kangaja mmoja na kaa wawili. Binti yangu ananisumbua anataka farasi-bahari wawili. Naweza kuwatia humo humo?
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, ingawa ukubwa wa tangi si kikwazo. Lita 120 zinawatosha wawili, mradi kina cha maji kisipungue sentimita 45. Jike na dume wakipandana huinuka wima pamoja, na ndipo jike humimina mayai kwenye mfuko wa dume. Maji yakiwa mafupi, mayai huangukia chini.

Kikwazo ni chakula. Farasi-bahari hana meno, wala hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhia chakula. Kinachoingia hupita upesi na kutoka, kwa hiyo hula kidogo kidogo, mara nyingi. Mtazame akiwa mezani: macho yake, kama ya kinyonga, kila moja huangalia upande wake. Huinamisha pua juu ya uduvi, hupima, hupima tena, kisha "tik!" Ukiwa kimya utaisikia sauti hiyo nje ya kioo. Wakati yeye bado anapima, kangaja wako ameshafagia sahani nzima. Farasi-bahari wengi waliochanganywa ovyo hukonda namna hiyo, mwenye tangi akidhani wameshiba kwa sababu chakula kimekwisha.

Wengine nao wana makosa yao. Nemo hulinda mtaa wake kwa meno. Anemoni huchoma, na mkia wa farasi-bahari hujizungusha kwenye chochote kilicho karibu, anemoni ikiwemo. Kaa naye akiuona mkia huo usiku, haulizi ni wa nani. Samaki kama bunju na kikande ndio usiwafikirie kabisa.

Wanaoelewana naye ni konokono wanaokula mwani, kamba wasafishaji waliokomaa (wadogo sana wataliwa), samaki gobi wadogo wapole, na samaki-kadinali wa Banggai mmoja au wawili. Upande wa matumbawe, chukua yale laini: gorgonia, matumbawe-uyoga, na lile ambalo wauzaji huliita "mti wa Kenya". Hayo ndiyo atakayoshikilia mkia.

Kwa hiyo mpe tangi lake. Liache lizunguke bila samaki wiki 4 hadi 6, bakteria wanaovunja uchafu wajijenge, mpaka vipimo vya amonia na naitraiti (sumu zitokanazo na uchafu) visome 0 na naitreti, zao la mwisho la uchafu huo, ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita. Tangulia kuwatia farasi-bahari, wazoee mahali pa kulia. Wapangaji wengine wafuate baadaye, kila mmoja akiwa ameshakaa siku 30 kwenye chombo cha pembeni. Ukigeuza mpangilio huo, mwenyeji atakuwa yule mwenye pupa.

Kulisha: toa uduvi wa misisi waliogandishwa, wayeyushe kwenye kikombe, wasuuze kwenye chujio la chai, kisha wateremshe kwa sirinji ya mililita 50 isiyo na sindano hadi kwenye gamba la chaza lililotulia chini. Mkubwa mmoja hula kama 30 hadi 50 kwa siku, kwa milo 2 au 3. Baada ya nusu saa nyonya mabaki kwa sirinji hiyo hiyo. Atemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) pekee haifai kuwa mlo wa kila siku, kwa kuwa lishe yake ni haba.

SWALI: Muuzaji aliniambia maji yasizidi nyuzi 24. Mbona bahari yetu huku ni ya moto kuliko hapo na farasi-bahari wamo?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Wamo, lakini baharini maji hubadilika kila bamvua na uchafu huchukuliwa. Tangini uduvi mmoja uliosahaulika nyuma ya jiwe huoza papo hapo, na bakteria wa jamii ya Vibrio hushamiri kadiri joto linavyopanda. Ngozi hupata mabaka meupe, mkia huanza kulika. Lenga nyuzi 22 hadi 24.

Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, ila kwenye unyevu wa pwani hupungukiwa nguvu, na Januari utahitaji chila (mashine ya kupoza maji) au kiyoyozi cha chumba. Feni pia hukausha maji huku chumvi ikibaki. Basi jazia maji yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi, hadi kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) kirudi kati ya 1.023 na 1.025. Nunua pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme kukatika. Kama una hita, ivalishe kizuizi cha plastiki, kwani mkia hujifunga hapo na kuungua.

SWALI: Wavuvi wananiuzia farasi-bahari hai wanaonaswa kwenye nyavu zao. Nichukue?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usichukue. Wa porini hudai chakula hai, huja na minyoo, na wengi hufa njaa mbele ya misisi waliogandishwa. Isitoshe, tangu tarehe 15 Mei 2004 farasi-bahari wote wamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuwavusha mpaka kunahitaji kibali. Tafuta waliozaliwa kwenye matangi, na kabla ya kulipa mwambie muuzaji awalishe ukiwaona.

SWALI: Dume langu linaelea, mkia juu, na mfuko umevimba. Ana mimba?
Msomaji, Maskati

JIBU: Mwenye mimba huwa mzito, haelei. Hiyo ni hewa iliyojaa mfukoni, mara nyingi kutokana na maambukizi au mabaki ya uzazi yaliyooza. Usiutoboe. Kagua kwanza bomba la pampu: likivuta hewa kwenye kiungo kilicholegea, hujaza maji viputo vidogo mno, na tatizo litarudi hata akitibiwa. Kaza kiungo, shusha joto taratibu hadi nyuzi 22, kisha mwone daktari wa mifugo anayejua samaki. Yeye anaweza kuitoa hewa kwa mrija mwembamba na kuandika dawa ya asetazolamidi, kwa kipimo atakachopanga mwenyewe. Ukimhamisha, mshike ndani ya maji muda wote, kwa mkono uliolowa, na umwache auzungushe mkia kwenye kidole chako.