Wenye makaburi hawakuulizwa

Mhariri, mmetuuliza wiki hii: kambi ya jeshi la kigeni kisiwani ni neema au balaa kwa wenyeji? Kwangu ni balaa, na ushahidi ninao humu humu kwenye bahari yetu ya Hindi.

Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, sasa naishi Mbagala, Dar es Salaam. Nimelelewa kwa mbata. Ndiyo maana nikisikia Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Chagos na penye kambi ya Marekani, wenzangu wakiwaza ndege za kivita, mimi nawaza minazi. Watu wa Chagos walikuwa wakwezi na wapasuaji nazi kama baba zetu, na wengi wao ni vizazi vya watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagaska.

Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vile kutoka Morisi, miaka 3 kabla Morisi haijapata uhuru, ili Marekani ipate pa kuweka kambi. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wote wakaondolewa, watu wapatao 1,500 hadi 2,000. Ilianza kimya kimya. Mtu amekwenda Morisi kutibiwa, akitaka kurudi anaambiwa hakuna meli. Kisha chakula kikapunguzwa kisiwani. Mwisho mbwa wao wakakusanywa, wakafungiwa kwenye banda la kukaushia mbata na kuuawa kwa moshi wa magari. Hapo roho yangu hukwama. Harufu ya banda la mbata naijua tangu utotoni, na siwezi kuiweka pamoja na jambo lile.

Wapo wanaosema kambi huleta ajira. Diego Garcia kazi za jikoni na usafi walipewa watu walioletwa kutoka mbali, wengi Wafilipino, huku wenye kisiwa wakihangaika kwenye vitongoji vya Port Louis, mji mkuu wa Morisi. Pauni 650,000 ambazo Uingereza iliipa Morisi mwaka 1972 kwa ajili yao zilikaa miaka kabla hazijawafikia.

Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiongozwa na Msomali, Abdulqawi Yusuf, ilisema Uingereza inapaswa kuviachia visiwa hivyo haraka iwezekanavyo. Nilifurahi sana siku ile. Lakini mkataba wa Uingereza na Morisi uliotiwa saini Mei 2025 unaiacha kambi ikodishwe kwa miaka 99, na watu waruhusiwe kurudi visiwa vingine tu, Diego Garcia hapana. Waliojadiliana ni serikali mbili. Wachagosi hawakuwa na kiti.

Mama yangu amezikwa Kilindoni, kule Mafia. Kila mwaka kabla ya Ramadhani napanda basi hapa Mbagala mpaka Nyamisati, kisha boti, nikang'oe majani kaburini na kumsomea dua. Siombi ruhusa ya mtu. Mwaka 2006 Wachagosi kama 100 walipelekwa kwao kwa siku chache, chini ya uangalizi. Wakafyeka makaburi ya wazazi wao, wakalia, wakapandishwa meli tena.