Jibu: Mweka hazina wa kwaya aliyetumia pesa, tumtenge au tumsamehe?

Bwana asifiwe, ndugu. Umeuliza kama Mathayo 18, pale Yesu anapofundisha la kufanya ndugu akikukosea, inatosha kwa mweka hazina wenu aliyetumia pesa za kwaya. Mimi naona wengi tunaikimbilia aya ya 17, "awe kwako kama mtu wa mataifa", yaani atengwe, tukiruka ya 15 inayosema nenda kwake, wewe na yeye peke yenu. Je, kuna aliyekwenda kabla suala halijafika kwa wazee?

Kuna kisa cha Elmira, Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili walilewa, wakaharibu mali za watu 22. Wakristo wawili wa dhehebu la Mennonite, mmoja akiwa mtumishi wa mahakama, walimshawishi hakimu awaruhusu vijana wakabishe hodi kwa kila waliyemkosea, wasikie hasara yake, kisha walipe. Wakalipa. Kusikiliza ndiko kugumu, kuliko hata kulipa!

Kwa hiyo mweka hazina wenu naye akae na wanakwaya, waulizeni walichopoteza, mwandikiane atarudishaje na lini. Zakayo naye alirudisha (tena mara nne), hakuishia kulia madhabahuni. Hazina apewe mwingine kwanza.

Ila ingekuwa kipigo au mtoto kudhulumiwa, ningekwambia polisi leo hii, si kikao.