Paundi 44,500 zilizoyeyuka zikiwa zimepaki nyumbani

"Dada, shikamoo. Nimeona gari moja la umeme, la Kijerumani, la mwaka 2021. Likiwa jipya lilikuwa paundi 90,000 na ushee, sasa wanaliuza 37,000. Limetembea maili 31,000 tu. Hii si bahati? Nilichukue?"

Ujumbe huu uliingia Jumapili usiku, kutoka kwa kijana mmoja wa Manchester. Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikajikuta nimeandika mrefu kama barua ya posa, nikaona niulete hapa, maana ni ujumbe wa nne wa aina hii tangu mwaka uanze. Inaelekea wote tunataka kitu kimoja: gari linaloondoka kimya huku majirani wakichungulia kwenye pazia. Naijua tamaa hiyo. Kwangu mimi iligharimu paa la nyumba.

Novemba 2022 nilinunua gari la umeme la kifahari, jipya kabisa, la paundi 84,000. Jina lake silitaji, anayenijua analijua. Mimi ni muuguzi wa zamu za wakala, nina na kabiashara kangu ka kutuma mizigo Dar, na mwaka ule biashara ilikuwa imechangamka. Nilitoa kianzio cha paundi 15,000. Hela hiyo ilikuwa ya kupaua nyumba yetu Kigamboni, ambayo ilikuwa imefika lenta. Nikamwambia fundi asubiri kidogo. Zilizobaki 69,000 nikakopa kwa miaka mitano, rejesho la paundi 1,334 kila mwezi.

Sitasema uongo, nililifurahia. Kuna harusi moja Leicester, Julai 2023, MC alikatisha muziki akataja namba ya gari langu, nikadhani nimeziba njia. Kumbe alitaka mwenye gari asimame apigiwe makofi. Nilisimama! Nilikuwa na kitenge cha sare, kilemba kimekaa sawasawa, nikapunga mkono kama waziri. Watu walitoka ukumbini kwenda kupiga picha wakiwa wameegemea milango. Mwanaume mmoja tu ndiye hakutoka, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye alibaki na sahani yake ya pilau, akanitazama nikirudi, akasema, "Shemeji, umenunua simu yenye magurudumu." Nilinuna wiki mbili.

Alikuwa na maana gani? Kwamba gari la aina hii halizeeki kama Land Cruiser, linazeeka kama simu. Land Cruiser ya miaka kumi pale Dar bado ni hela benki, ukiamka na shida unaiuza kabla ya adhuhuri. Simu ya miaka mitatu, hata iwe haina mkwaruzo, anayeitaka anakuuliza kwanza betri inakaa saa ngapi, halafu anakuambia toleo jipya linafanya nini.

Miezi miwili tu baada ya mimi kusaini, Januari 2023, Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, ilipunguza bei za magari yake mapya. Kule Marekani gari lao la Model Y, lile la masafa marefu, lilitoka dola 65,990 hadi 52,990 kwa usiku mmoja, na huku Uingereza nako wakapunguza. Gari langu halikuwa Tesla, kwa hiyo sikujali. Nilisoma habari ile nikiwa kantini, nikafunga simu, nikaendelea na wali wangu. Mjinga mimi. Jipya la jirani likishuka bei, lako lililotumika linashuka nalo, kwa sababu mnunuzi ni yuleyule na hela zake ni zilezile. Mwaka uliofuata, Januari 2024, Hertz, kampuni ile kubwa ya kukodisha magari, ikatangaza kuuza magari ya umeme 20,000 na kuandika hasara ya dola milioni 245. Hao walikuwa wametangaza mwaka 2021 kwamba wanaagiza Tesla 100,000. Kama wenye wahasibu ghorofa nzima waliumia, sembuse mimi na daftari langu la mizigo?

Lakini sababu iliyoniuma zaidi ilikuwa wodini kwetu. Daktari mmoja alikuwa na gari kama langu, rangi tu tofauti. Tulikuwa tunapaki jirani, tunasalimiana kama watu wa ukoo mmoja. Siku moja nikamwona anashuka kwenye basi. Nikamuuliza gari liko wapi, akasema, "Muda umeisha, nimerudisha funguo." Basi. Hana deni, hana tangazo la kuuza, hana presha.

Ndipo nilipoelewa jinsi mchezo ulivyo hapa Uingereza. Magari mengi ya aina hii hayanunuliwi na mtu kwa hela yake, yanapitia kazini. Mtu akitumia gari la kampuni, asilimia fulani ya bei ya gari huhesabiwa kama kipato chake na kukatwa kodi. Kwa gari la petroli asilimia hiyo hufika hadi 37. Kwa gari la umeme ilikuwa 0 mwaka wa kodi 2020/21, 1 uliofuata, kisha 2 mpaka Aprili 2025. Mameneja na madaktari wakachukua kwa wingi, kwa mkataba wa miaka mitatu au minne, wakakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Mikataba ikiisha, magari yanarudi sokoni kwa mafungu. Na anayeyasubiri sokoni ni mimi na wewe, ambao hatupewi nafuu yoyote ya kodi kwa kununua kilichotumika. Wauzaji wengi, wanunuzi waoga, bei itakaa wapi?

Ongeza na umeme wenyewe. Ukichajia nyumbani kodi ya VAT ni asilimia 5, ukichajia chaja za barabarani ni 20. Mtu anayeishi ghorofa ya tatu bila mahali pa kupaki hana hamu na gari lako hata uliweke utepe.

Sasa Februari 2025. Biashara ya mizigo ilikuwa imelegea, zamu zimepungua, nikaamua kuuza. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja, simtaji, asubuhi ya mvua. Kijana wa kukagua akatoka na tableti iliyofunikwa mfuko wa nailoni. Akazunguka gari mara mbili. Akachuchumaa kwenye rimu ya nyuma kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye mkwaruzo wa ukingo wa barabara, akapiga picha. Akapima matairi kwa kale kapimo kadogo, akatikisa kichwa. Akafungua mlango akaandika maili. Tukaingia ndani, akaniletea chai ya kikombe cha karatasi, chai nyeupe pepepe. Akaandika, akafuta, akaandika tena, kisha akanigeuzia tableti bila kusema kitu.

39,500.

Nilimuuliza, na hadi leo naona aibu, "Hiyo ni kwa kuanzia?" Akasema ndiyo hiyo hiyo, madam, na ni ya leo tu.

Hesabu yangu wakati huo ilikuwa hivi. Nimelipa kianzio 15,000 na marejesho 27, jumla 51,000 na kidogo. Deni lililobaki lilikuwa kama 40,500. Kwa hiyo nililiacha gari pale, halafu nikatoa paundi 1,000 nyingine mfukoni ili deni lifungwe. Nilitoka kwa miguu, na nimelipa! Jumla 52,000 kwa miezi 27, yaani zaidi ya 1,900 kila mwezi, kabla ya bima na matairi. Kwa hela hiyo ningepaua Kigamboni, nikapiga plasta, nikaweka na geti lenye simba wawili.

Na bado sijafika kwenye pigo lenyewe. Wiki tatu baadaye nilikuwa namsuka dada mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya ushauri wa madeni. Nikamsimulia, akageuka ghafla mpaka kitana kikanidondoka. "Kwani ulikuwa umeshalipa nusu?" Ikaja kuwa sheria ya mikopo ya hapa, ya mwaka 1974, inampa mtu aliyechukua gari kwa mkopo wa aina yangu, wanauita hire purchase, haki ya kulirudisha akishalipa nusu ya deni lote, kianzio kikihesabiwa humo, bila kudaiwa kilichobaki, ilimradi amelitunza. Deni langu lote, pamoja na kianzio na riba, lilikuwa paundi 95,040. Nusu yake 47,520. Nilikuwa nimeivuka Desemba 2024! Ningewaandikia barua mwezi ule, ningeokoa marejesho mawili na ile elfu moja ya juu. Karibu paundi 3,700. Imo kwenye mkataba, ukurasa wa pili, ndani ya kiboksi. Niliusaini nikitazama skrini kubwa ya ndani ya gari.

Vijana wa ughaibuni, hapo naomba tusikilizane. Someni mkataba kabla ya kusaini. Mkishasaini, usomeni tena. Tunajua kusoma vyeti vya ndoa vya watu na kuvichambua, mkataba wetu wenyewe unakaa kwenye droo ya jikoni na betri za rimoti.

Kuna wanaosema, si ungelipeleka nyumbani? Uingereza usukani uko kulia kama kwetu, na mimi ndiyo kazi yangu, makontena nayajua. Nililifikiria hilo mapema kabisa, ndiyo lilikuwa hesabu yangu ya siri: naendesha miaka mitatu, nalisafirisha, nauza Masaki kwa faida. Nikampigia dalali mmoja wa Dar, mtu makini sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Dada, likizima Mbagala, nani atalifufua?" Toyota ikizima Mbagala, watu watatu wanagombania kuifungua boneti. Kwa Kenya kuna jambo jingine la kuangalia. Wao hawapokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Na dhamana ya betri kwa kampuni nyingi ni miaka hiyo hiyo 8, au maili 100,000, pamoja na ahadi kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70. Ukivizia liwe rahisi kabisa ndipo ulipakie, litateremka Mombasa dhamana ikiwa inavuta pumzi za mwisho.

Basi nakujibu, mdogo wangu. Gari hilo la 37,000, aliyelia ameshalia. Mwenye kulinunua jipya ndiye aliyebeba kifusi, na si wewe. Mimi mwenyewe Agosti 2025 nimenunua jingine la umeme la kifahari, la miaka minne, lililokuwa 78,000 likiwa jipya. Nimelipa 29,000, nusu taslimu. Ndiyo, nimerudi! Shemeji alipoliona alikaa kimya, na kimya chake nimekifurahia kuliko makofi ya Leicester.

Ila usilichukue kwa sababu limeshuka. Limeshuka na litaendelea kushuka, ingawa si kwa kasi ile ya mwanzo. Omba ripoti ya afya ya betri, iwe kwenye karatasi, si mdomoni. Langu lilisoma asilimia 93. Angalia tarehe liliposajiliwa mara ya kwanza, maana dhamana inahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyolinunua wewe. Angalia matairi, magari haya yana zaidi ya tani mbili na yanakula mpira kama mtoto anavyokula ubuyu. Uwe na mahali pa kuchajia nyumbani. Kama huna, rudi kwenye sentensi hiyo uisome tena. Na usikope hela nyingi kwa matumaini ya kuliuza, kwa sababu siku ya kuuza utageuziwa tableti kama nilivyogeuziwa mimi. Usiwe mtu wa kwanza, na usikope nyingi. Mengine ni mapambo, usiwe mtu wa kwanza.

Mtu atadhani nimepona, lakini ukweli ni kwamba kila Ijumaa nilikuwa naingia mtandaoni kulitafuta gari langu la zamani. Namba yake ninayo kichwani kama ya simu ya mama. Yule muuzaji aliliweka kwa 43,995. Aprili likawa 41,495. Juni, 38,995, chini ya alichonilipa mimi. Picha zilikuwa zilezile, na mkwaruzo wa rimu ya nyuma kushoto walishauziba. Ijumaa moja mwezi wa saba nikafungua, tangazo halipo.