Kuunda ndege nyumbani: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu ndege za seti, zile ambazo unanunua mbavu, mabati na vipuri vilivyokatwa kiwandani halafu unaviunganisha mwenyewe gerejini, maswali hayajakatika. Nimechagua yale yanayojirudia. Ninaishi Marekani, ambako kazi hii ina wafuasi wengi tangu Paul Poberezny na wenzake waanzishe EAA, chama cha wanaojiundia ndege, huko Wisconsin mwaka 1953, kwa hiyo sheria nyingi nitakazozitaja ni za huku.

Hivi kweli serikali inamruhusu mtu kujiundia ndege nyumbani na kuirusha? (Msomaji wa Mwanza)

Inamruhusu, kwa masharti. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ifanywe na watu wanaoifanya kwa kujifunza au kujiburudisha. Sisi huiita kanuni ya asilimia 51. Kiwanda kinaweza kukuuzia seti ambayo sehemu yake imeshaunganishwa, ila nusu kubwa lazima ibaki kwako. Huwezi kumlipa fundi akuundie ndege nzima halafu ukajiandikisha kuwa wewe ndiye muundaji. Kupaka rangi, kushona viti na kufunga redio unaweza kumpa mtu, maana kazi hizo hazihesabiwi humo.

Ukimaliza, mkaguzi anakuja kuangalia ndege pamoja na daftari lako la kazi. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wapige picha kila wanapofanya kazi, na mikono yao ionekane kwenye picha. Akiridhika, ndege inapewa cheti cha majaribio, na neno EXPERIMENTAL linaandikwa karibu na mlango kwa herufi zisizopungua inchi 2, ili kila abiria ajue anapanda nini.

Uingereza wana utaratibu mwingine. Chama chao cha LAA kina wakaguzi wanaoifuata kazi hatua kwa hatua. Kwa maoni yangu wao wamepatia zaidi. Bawa likishafungwa bati la mwisho, mkaguzi anayekuja baadaye ataona nini ndani?

Ukiwa Tanzania, nenda TCAA, mamlaka ya anga ya huko, kabla hujalipa hata shilingi moja. Ukiwa Kenya, nenda KCAA. Uliza kwa maandishi ndege itasajiliwa katika kundi gani, nani ataikagua na lini, na majaribio ya angani yataruhusiwa wapi. Karatasi ya Marekani peke yake haitakurushia ndege Mwanza.

Shikamoo fundi. Nasoma uchomeleaji VETA. Je, ni lazima niwe injinia? Na nianze na vifaa gani? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Uinjinia hauhitajiki. Hesabu za nguvu za bawa zimeshafanywa na aliyebuni ndege. Kazi yako ni kufuata mchoro kwa uaminifu, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Kwanza iweke kando mashine yako ya kuchomelea. Ndege nyingi za seti za bati, kama zile za Van's Aircraft ya Oregon, zimetengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo 2024-T3, na aloi hiyo ikipata joto la kuchomelea inapoteza nguvu iliyopewa kiwandani. Inaunganishwa kwa ribiti. Ndege moja ya aina hiyo inaweza kula ribiti zaidi ya 10,000.

Acha nikueleze ribiti moja, maana ukiielewa moja umeelewa bawa zima. Unapanga bati juu ya ubavu na kuyashika kwa vibanio vya kleko kupitia matundu, kama fundi cherehani anavyobana nguo kwa pini kabla ya kushona. Vya rangi ya fedha ni vya matundu ya inchi 3/32, vya rangi ya shaba ni vya inchi 1/8. Unapitisha drili mpaka matundu yafikie kipimo, kisha unalifungua lote tena. Wengi hukasirika hapo: mbona tunafungua kitu kilichokaa sawa? Kwa sababu drili imeacha vinyuzi vikali kwenye kingo za tundu. Usipoviondoa, bati halilali sawasawa juu ya ubavu, na kwenye mkwaruzo mdogo kama huo ndipo ufa huanza baada ya miaka ya mtikisiko. Pitisha kidole. Kikikwama popote, bado hujamaliza.

Ndipo unafunga tena, unatia ribiti, mmoja anashika bunduki ya upepo upande wa kichwa na mwingine anakandamiza kipande cha chuma kizito upande wa pili. Mkia wa ribiti unabondeka. Ribiti ya inchi 1/8 iliyopigwa vizuri, ule mkia wake uliobondeka unakuwa na upana wa milimita 4.8 hivi na kimo cha milimita 1.6, yaani mara moja na nusu ya kipenyo kwa upana, na nusu ya kipenyo kwa kimo. Usikadirie kwa macho. Vipo vipimo vidogo vya bati unavyopachika juu yake, na jibu ni ndiyo au hapana. Ikilala upande, itoboe kichwa katikati, uking'oe, usukume mwili utoke bila kupanua tundu.

Vifaa vya kuanzia: kompresa, drili ya upepo, bunduki ya ribiti, vyuma vya kukandamizia, kleko mamia kadhaa, tupa laini, na vizibo vya masikio. Nunua kleko nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Mume wangu anataka kugeuza gereji yetu kuwa karakana ya ndege. Niambie ukweli, itachukua muda gani? (Mama wa watoto wawili, Minnesota)

Dada yangu, watengenezaji wa RV-12, ambayo ni ya watu wawili na ni miongoni mwa zile rahisi, hutaja saa 700 hadi 900. Nyingine za bati, kwa seti ya kawaida, hufika saa 1,500 au 2,000. Mtu mwenye kazi na watoto akipata saa 10 kwa wiki amefanya vizuri sana, kwa hiyo saa 2,000 ni karibu miaka minne. Akikuambia mwaka mmoja, mwombe akupigie hesabu upya.

Nafasi inatosha. Mabawa huundwa peke yake na hupelekwa uwanja wa ndege mwishoni, mwili wa ndege unakaa kwenye gereji ya magari mawili. Baridi ya kwenu ndiyo itakayosumbua, kwa sababu rangi ya msingi na gundi ya tangi hazikauki vizuri kwenye ubaridi. Kelele ya bunduki ya ribiti ni kubwa, hiyo mpangieni saa zake kabla watoto hawajalala. Gundi ya tangi na vumbi la faibaglasi vinahitaji barakoa ya kweli na mlango uliotenganishwa na nyumba.

Ushauri wangu kwenu nyote wawili: anunue seti ya mkia tu kwanza. Viwanda kadhaa huuza seti kwa mafungu, na mkia ndio fungu dogo na la bei nafuu. Akiumaliza kwa furaha, mtajua. Na wewe ukipenda, shika kile chuma cha kukandamizia. Familia nyingi zimepiga ribiti zao hivyo, mume upande huu na mke upande ule.

Bei ya seti naiona, lakini ndege nzima inafika ngapi? (Nairobi)

Bei unayoiona ni ya vipande vya mwili wa ndege. Haina injini, propela, vyombo vya dashibodi wala rangi. Injini mpya ya Lycoming peke yake mara nyingi huizidi bei ya seti. Ongeza meli, bandari ya Mombasa na forodha, na umuulize wakala wa forodha kabla ya kuagiza, si baada ya kontena kushuka.

Jambo moja zaidi. Mwezi Desemba 2023 Van's Aircraft, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Wateja waliokuwa wametoa malipo ya awali waliombwa kukubali bei mpya za juu ndipo wapate mzigo. Kampuni ilinusurika na inaendelea na kazi, lakini somo la fedha limebaki: lipia fungu unalokwenda kulifanyia kazi sasa, na fedha za injini zikae benki kwako.

Naweza kufunga injini ya gari? (Kampala)

Wapo wanaoruka na injini za Volkswagen kwa miongo mingi sasa, na za Subaru pia. Ila injini ya gari hufanya kazi ndogo barabarani, wakati ya ndege inakaa karibu na nguvu zake zote muda mrefu, na hapo mambo ya kupoza, gia ya kupunguza mizunguko na mtikisiko wa propela yanakuwa mradi wa pili juu ya mradi wa kwanza. Kwa ndege yako ya kwanza, funga injini aliyoitaja mbunifu. Na ya pikipiki iache kabisa.

Mimi ni fundi umeme wa majumba. Kufunga waya wa ndege kutanishinda? (Mombasa)

Hautakushinda, ila kuna mazoea ya kuacha. Waya wa PVC wa nyumbani usiingie kwenye ndege, kwa sababu ukiungua hutoa moshi wa sumu, na angani huna dirisha la kukimbilia. Tumia waya wa ndege wenye nyuzi nyingi, maana waya wa msumari mmoja hukatika kwa mtikisiko. Kila unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira wa kuuzuia usisuguke. Andika namba ya waya ncha zote mbili. Fyuzi unaijua: kazi yake ni kuulinda waya, basi ipangie unene wa waya na si ukubwa wa kifaa. Rudisha earth za redio na vyombo mahali pamoja, la sivyo utasikia mlio wa alteneta masikioni safari nzima.

Lakini ninalotaka ulishike zaidi ni mpangilio wa kitu kinapowekwa. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka na kufa kwenye ghuba ya Monterey, California, akiwa na Long-EZ, ndege iliyobuniwa na Burt Rutan na kuundwa na mtu mwingine kabla Denver hajainunua. Mchoro wa Rutan uliiweka valvu ya kuchagua tangi la mafuta mbele, pale mkono wa rubani unapofika. Aliyeiunda aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, akitaka mafuta yasipite chumba cha rubani. Nia ilikuwa njema. Wachunguzi wa ajali walihitimisha kwamba Denver alipokuwa akijipinda kuifikia, alikandamiza pedali ya kulia bila kukusudia na ndege ikamtoka mikononi. Kishikio hakikuwa na alama, na mazoezi aliyopewa kwenye ndege ile hayakutosha.

Kwa hiyo kabla hujatoboa dashibodi, ikate kwanza kwa kadibodi. Kaa kwenye kiti, kaza mikanda kama unayeruka, fumba macho, na uguse valvu ya mafuta, swichi kuu na kitasa cha kupunguza mafuta. Kisha mkalishe mtu mfupi kuliko wewe afanye vivyo hivyo. Kama mmoja wenu amelazimika kugeuza bega, hamisha kitu hicho.

Nitajuaje tangi halivuji? (Leicester)

Ziba matundu yote, funga puto kwenye bomba la kupumulia, jaza upepo kidogo sana, puto lisimame tu. Usithubutu kuunganisha kompresa moja kwa moja, utalipasua tangi. Pakaza maji ya sabuni kwenye kila mstari wa ribiti na uangalie mapovu. Puto likinywea usiku usikimbilie kulia, baridi nayo hulinywesha. Mapovu ndiyo yasemayo kweli.

Je, sisi Waafrika tumewahi? (Arusha)

Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4, ndege ya seti inayotengenezwa kwao Johannesburg, kwa wiki tatu wakisimamiwa na mafundi. Kisha wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo, kilomita zipatazo 12,000, na Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo. Kiongozi wao alikuwa binti wa miaka 17. Nikiikumbuka safari ile roho yangu hufurahi.

Nani arushe mara ya kwanza? (Wengi)

Mwenye mazoezi ya karibuni kwenye ndege ya aina ileile, hata kama si wewe. Tangu 2014 FAA inaruhusu rubani wa pili mwenye sifa kupanda pamoja nawe katika majaribio, na itumie ruhusa hiyo. Abiria hapana: kwa kawaida saa 40 za mwanzo, au 25 ikiwa injini na propela ni za jozi iliyoidhinishwa, huruka katika eneo ulilopangiwa tu.

Kabla ya hapo ipime uzito kwenye mizani mitatu, gurudumu kwa gurudumu, ujue kitovu cha uzito kiko wapi. Halafu inua pua kufikia mwinamo wa kupaa na upime mafuta yanavyotoka: yanayoshuka yenyewe yafike asilimia 150 ya mahitaji ya injini kwa nguvu zote, ya pampu asilimia 125. Na mwite mtu asiyekuwepo wakati wa kuunda aikague nati kwa nati. Macho yako yameshazoea kilichopo.

Nikichoka nayo naweza kuiuza? (Houston)

Unaweza. Muundaji huomba cheti cha kufanya ukaguzi wa kila mwaka wa ndege yake hiyo moja, na cheti hicho kinabaki kwake, hakiendi na ndege. Mnunuzi ataruhusiwa kuifanyia matengenezo, lakini ukaguzi wa kila miezi 12 lazima ufanywe na mwenye cheti kinachouruhusu, mfano wewe au fundi wa ndege mwenye leseni ya A&P, yaani ya mwili na injini za ndege. Mkabidhi daftari lote na picha zote, pamoja na mchoro wa waya kama ulivyoufunga kweli.